Dakika Sita Tulizolitangulia Jua

Kila mwaka, Shaabani ikifika katikati, kuna kazi moja ambayo humwangukia katibu wa msikiti: kuandaa kalenda ya Ramadhani. Ni karatasi moja tu. Ina safu ya tarehe, safu ya Alfajiri, safu ya Magharibi, na chini yake dua ya kufuturia. Lakini karatasi hiyo huingia katika nyumba nyingi kuliko anazoingia sheikh yeyote. Hubandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, ubavuni mwa jokofu, pembeni ya kioo. Na kwa mwezi mzima ndiyo huwaambia watu lini waondoe mkono katika chakula na lini waurudishe.

Mwaka 1445, Ramadhani ilipoingia mwezi Machi 2024, kazi hiyo ilitukuta na haraka. Hapa Morogoro masika yalikuwa yanabisha hodi, paa la msikiti lilivuja upande wa akina mama, na fundi alikuwa anadai. Tukachukua kalenda ya msikiti mmoja wa Dar es Salaam tuliyotumiwa kwa simu, tukafuta jina la msikiti ule, tukaandika letu, tukapeleka kwa mchapaji. Nakala 300. Hatukubadili hata tarakimu moja. Walioitunga kalenda ile hawakukosea lolote. Waliitunga kwa ajili ya watu wa mji wao. Kosa lilikuwa letu, na mkono ulioandika ulikuwa wetu.

Usiku wa kuamkia siku ya kumi, baada ya Tarawehe, mzee mmoja alitungoja mlangoni. Ni mkulima, mtu wa maneno machache.

“Katibu,” alisema, “mnaadhini jua lingalipo.”

Tulimjibu upesi, kwa elimu tuliyoipata chuoni. Tulimweleza kwamba shamba lake liko juu katika miteremko ya Uluguru, na aliye juu huendelea kuliona jua baada ya kumtoweka aliye bondeni. Basi alichokiona ni kweli kwake, lakini hakiwahusu walio mjini. Maneno yale yalikuwa sahihi, na usahihi wake ndio uliotuzuia kusikiliza. Mzee alinyamaza mpaka tukamaliza.

“Hilo nalijua, mwanangu. Juzi sikuwa mlimani. Nilikuwa Dakawa, kwenye mpunga, uwandani kabisa. Nilikuwa na karatasi yenu na saa yangu. Mawingu yalifunguka kidogo. Kati ya jua na ardhi pangeenea majua mawili mengine.”

Akatuaga, akaenda zake. Sisi hatukupata usingizi.

Kesho yake, Alhamisi, watatu katika kamati tulikwenda palepale Dakawa. Mvua ilikuwa imekatika alasiri, na upande wa magharibi mbingu ilikuwa safi. Tulisimama ukingoni mwa jaruba, tende mkononi. Mwenyekiti alikuwa amempigia simu muadhini, akaiacha simu wazi. Kalenda yetu ilisema Magharibi ni saa 12:34 jioni. Saa 12:34 ikafika, na adhana ikatoka katika simu ile, nyembamba lakini wazi. Tulijua kwamba saa ileile, katika nyumba zote zenye karatasi yetu, mikono ilikuwa inaelekea kwenye futari. Mbele yetu jua lilikuwa zima, jekundu, limekaa juu ya uwanda.

Hakuna aliyesema neno. Likashuka, likagusa ardhi, likaliwa nusu, likabaki kama ukucha, likatoweka. Ilikuwa saa 12:40 ikielekea 12:41. Kwa kuwa Dakawa ipo magharibi kidogo ya mji wetu, tulitoa sehemu ya dakika kwa ajili ya umbali ule. Bado zilibaki dakika sita na ushei. Mwenyekiti alifungua swaumu yake kwa tende ile, akatazama chini, akasema maneno mawili tu: “Siku kumi.”

Usiku ule kamati ilikaa. Yalisemwa mengi, na tunayaandika bila kumtaja mtu. Mmoja alisema dakika sita si kitu. Mwingine alisema tuchape kalenda mpya kimya kimya, tuseme ya kwanza imechakaa. Na tukiri hapa mbele ya wasomaji: rai ya ukimya sisi katibu tuliipenda. Tuliona aibu. Tuliwaza vijana watakavyocheka na wazee watakavyoguna.

Imamu ndiye aliyekata shauri. Alitukumbusha kwamba katika Suratul-Baqarah, aya ya 187, mpaka wa swaumu umewekwa kuwa ni usiku, na usiku huanza jua linapozama. Haukuwekwa kuwa ni karatasi wala kipaza sauti. Akataja Hadithi ya Asmaa binti Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyomo katika Sahihi Bukhari: kwamba zama za Mtume (S.A.W.) watu walifuturu siku ya mawingu, kisha jua likachomoza. Wanazuoni wametofautiana juu ya mtu wa namna hiyo. Wengi wao, na ndiyo madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu huku tunaifuata, wanasema siku ile ailipe. Wengine, akiwemo Ibn Taymiyyah, wanaona kwamba halipi kwa kuwa hakukusudia. “Tutawaeleza kauli zote mbili,” akasema, “lakini hatutawaficha jambo lililotokea katika ibada yao. Swaumu ni yao. Sisi tulishika karatasi tu.”

Kisha akaongeza jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria. Kama Magharibi yetu ilitangulia, basi na Alfajiri yetu ilitangulia. Kwa daku hilo halikudhuru, maana watu waliacha kula mapema. Lakini kuna akina mama na wagonjwa wanaoswali nyumbani mara tu wanaposikia adhana. Hao waliswali kabla ya wakati kuingia.

Tulipokula daku ya Ijumaa, binti yetu wa miaka kumi, aliyekuwa ameyasikia mazungumzo ya baba na mama yake, aliuliza: “Kwani jua la Dar es Salaam si ndilo hili letu?”

Ni jua moja, tukamjibu, lakini hatusimami mahali pamoja. Tukachukua chungwa mezani na karafuu mbili kutoka katika kopo la viungo. Karafuu moja tukaichomeka katika chungwa, tukaiita Dar es Salaam. Ya pili tukaichomeka kushoto yake kidogo, tukaiita Morogoro. Tukazima taa, tukawasha tochi ya simu upande mmoja, nayo ikawa jua. Kisha tukalizungusha chungwa polepole kutoka magharibi kwenda mashariki, kama inavyozunguka dunia. Karafuu ya Dar es Salaam ikaingia gizani. Ya Morogoro ilikuwa bado inameremeta. Binti akaliomba chungwa, akalizungusha mwenyewe mara ya pili na ya tatu, kisha akasema: “Kumbe tuliwafuata wenzetu walioingia gizani mbele yetu.”

Hesabu yake ni nyepesi. Duara lina digrii 360, na dunia hulikamilisha zunguko hilo kwa saa 24. Hizo ni digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa kila dakika nne. Dar es Salaam ipo karibu digrii 39.3 mashariki ya mstari wa Greenwich. Morogoro ipo karibu digrii 37.7. Tofauti ni digrii 1.6, na kila digrii ni dakika nne: ndizo dakika zetu sita na ushei. Miji yote miwili ipo takriban digrii 6.8 kusini ya ikweta, kwa hiyo urefu wa mchana wake ni mmoja, na tofauti hiyo haibadiliki mwaka mzima.

Kwa kuwa gazeti hili linafika mbali, tuwakumbushe na ndugu zetu walio ndani zaidi ya nchi. Jua la Dodoma huchelewa kwa wastani wa dakika 14 nyuma ya lile la Dar es Salaam; la Tabora dakika 26; la Kigoma kama dakika 39. Wastani huo huongezeka au kupungua kidogo kwa majira, maana mhimili wa dunia umeinama kwa digrii 23.4, na miji iliyo mbali au karibu na ikweta haigawiwi mchana sawasawa. Basi anayefuturu Kigoma kwa adhana ya redio inayorushwa kutoka Dar es Salaam anafuturu mchana mweupe. Jambo hili watu wa kule wanalijua kwa macho yao. Hatari ipo kwetu tulio karibu, ambao kosa letu ni dogo kiasi cha kufichwa na mawingu na mapaa ya nyumba.

Na saa ya ukutani isituhadae. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, mstari ambao haugusi ardhi ya Tanzania hata kidogo. Ndiyo maana jua la Dar es Salaam hufika katikati ya mbingu, kwa wastani, saa 6:23 mchana na si saa sita kamili. Saa ni mapatano ya watu, na ni mapatano mema, maana bila hayo treni isingeondoka. Lakini Swala haikufaradhishwa kwa mapatano hayo.

Baada ya Swala ya Ijumaa tulisimama mbele ya watu na chungwa letu. Tulisema yote: tulikopata kalenda, tulivyoichapa bila kuichunguza, tulivyomjibu mzee, tulichokiona Dakawa. Imamu akaeleza kauli mbili za wanazuoni na ile anayoielekea yeye. Walikuwepo waliocheka. Yupo aliyesimama kwa hasira akauliza kama na swala zake za miaka ya nyuma ni hivyo hivyo. Tulimjibu kwamba kalenda za nyuma tulizipitia usiku ule, nazo zilikuwa zimetungwa kwa Morogoro na katibu aliyetutangulia. Kazi ile mwenzetu aliifanya kwa mkono, kwa miaka mingi, na hapana aliyemshukuru, kwa kuwa hapana aliyejua kwamba ni kazi.

Kutoka nyuma ya pazia, bibi mmoja aliyepita miaka sabini alimtuma mjukuu wake na ujumbe. Mtoto akausema kwa sauti, kama alivyofundishwa: “Bibi anasema, siku kumi ni nyingi kwa magoti yake, lakini ni afadhali deni analolijua.”

Jioni ile nyumbani kwetu chungwa halikuliwa. Watoto wa jirani walikuja kutaka “mchezo wa dunia”, na binti akauliza swali lililobaki: na mwezi je?

Tulichukua tende. Kipenyo cha mwezi ni kilomita 3,474, zaidi kidogo ya robo ya kile cha dunia. Chungwa likiwa dunia, tende yafaa kuwa mwezi. Lakini umbali wa mwezi ni kilomita 384,400, sawa na dunia 30 zilizopangwa mstari mmoja. Kwa kipimo cha chungwa letu hiyo ni karibu mita mbili na nusu, basi mtoto mmoja akaipeleka tende hadi mlangoni. Na jua? Kwa kipimo hicho hicho jua lingekuwa tufe la karibu mita tisa, kubwa kuliko nyumba yetu, nalo lingesimama mbali kiasi cha kilomita moja. Watoto walicheka, wakachungulia dirishani kulitafuta.

Kisha tukawaonyesha. Mwezi hauna mwanga wake. Nusu yake inayolielekea jua daima imeangazwa, na sisi huona sehemu tu ya nusu hiyo, kulingana na mahali ulipofika katika kutuzunguka. Ukiwa upande mmoja na jua, uso wake ulioangazwa umetupa kisogo, na hatuuoni. Kila siku husogea kiasi cha digrii 12 mashariki ya jua, na kwa sababu hiyo huchelewa kutua kwa takriban dakika 50 kila siku. Mwezi mwandamo huonekana magharibi, muda mfupi baada ya jua kuzama, kisha nao hulifuata. Hapo ndipo wazee walipojua pa kutazama. Anayetafuta hilali usiku wa manane anatafuta kitu kilichokwisha kutua.

Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni, kwa wastani, siku 29, saa 12 na dakika 44. Kwa hiyo mwezi wa Kiislamu huwa siku 29 au 30, na hauwi 28 wala 31. Miezi 12 hukamilisha siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11, na ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, ikipita katika kiangazi, vuli na masika, hadi irejee pale ilipoanzia baada ya miaka 33 hivi. Sisi tulizaliwa Ramadhani ya mwaka 1411, Machi 1991. Ramadhani ile ya kosa letu ilikuwa imerejea katika majira yaleyale ambayo mama alituzaa. Kwa hesabu ya jua tulikuwa na miaka 33; kwa hesabu ya mwezi, 34. Tulikuwa tumeizunguka kalenda nzima mara moja, na bado hatujajifunza kuisoma.

Hatutaki kuingia hapa katika hitilafu ya mwandamo. Wapo wanaostahiki kuizungumza. Tunasema tu kwamba jua na mwezi vimetajwa katika Suratu Yasin, aya ya 38 hadi 40, kuwa kila kimoja kinakwenda katika njia yake kwa makadirio, na kwamba hilali zimetajwa katika Suratul-Baqarah, aya ya 189, kuwa ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Kipimo ni cha kusomwa. Mwenye duka akipimiwa kwa mizani asiyoikagua, tunamwita mzembe.

Shawwali ilipoingia, waliochukua kauli ya kulipa walilipa. Yule bibi alifunga Jumatatu na Alhamisi, siku moja baada ya nyingine, na sisi wa kamati tulifunga siku hizo pamoja naye, maana deni lilikuwa letu pia. Mara mbili alitupelekea uji kwa mkono wa mjukuu wake. Siku ya kumi alituma ujumbe mwingine: tumwambie katibu, jua la leo nimelitazama mwenyewe.

Jambo la mwisho tulilifanya Jumapili moja mwishoni mwa Mei. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, jua hupita moja kwa moja juu ya Al-Kaaba, saa 6:18 mchana kwa saa ya Makkah, ambayo ndiyo saa yetu. Na hurudi tena tarehe 15 au 16 Julai, saa 6:27. Wakati huo, popote jua linapoonekana, anayelielekea ameelekea kibla. Siku moja kabla au baada haileti tofauti ya kuonekana kwa macho. Tuliwakusanya watoto wa madrasa uani, tukasimamisha fimbo ya mita moja, tukainyoosha kwa timazi ya fundi. Yule mzee wa Uluguru tulimwita aje aishike.

Tulikuwa na hofu, na hatukumwambia mtu. Tulihofia kwamba baada ya kalenda kutakuwa na mihrabu.

Saa 6:18 kivuli kililala kusini, kirefu kupita kidogo nusu ya fimbo. Binti yetu akakifuata kwa chaki, akaurefusha mstari upande wa pili, kuelekea jua: kaskazini, ukiinama kidogo sana mashariki. Mzee akaweka kamba juu ya mstari ule, akaivuta hadi ukutani mwa msikiti, akaitazama kwa jicho moja kama mtu anayepanga mahindi. Kamba na ukuta vilikwenda sambamba.

“Waliojenga walitazama juu,” akasema, akaanza kuikunja kamba yake.

Kalenda ya Ramadhani iliyofuata tuliiandaa mapema, kwa digrii za mji wetu, na kabla ya kuipeleka kwa mchapaji tulimpa mzee nakala ya kwanza aende nayo Dakawa. Tunawaomba ndugu zetu makatibu wa misikiti mingine, kabla ya kubandika karatasi yoyote, wachague jioni moja isiyo na mawingu, watoke nayo nje pamoja na watoto wao. Allah atutakabalie tulichokifanya kwa usahihi, na atusamehe tulichokifanya kwa haraka. Amin.